Kiwanda cha Baba, Kikiwa Hai na Kikiwa Maiti

Waliokuwa nami Jumapili iliyopita wanajua nilipoishia: nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, jasho mgongoni. Aliyefika leo avute kiti, nitamweka sawa kwa maneno machache.

Mimi ni binti wa mwenye kiwanda cha sabuni. Baba na mdogo wake walikianzisha kwa pipa moja na mwiko wa mbao kabla sijazaliwa. Mume wangu aliponiacha, na benki niliyofanyia kazi ikapunguza watu nami nikiwemo, nilirudi nyumbani na begi moja. Baba hakuniuliza kitu. Alinilipia ada ya shahada ya pili ya biashara, masomo ya jioni, akasema, "Soma, Profesa. Mimi macho yamechoka. Uje ukishike kiwanda."

Nikasoma. Mwalimu wetu wa fedha za makampuni tulimpa jina la Bwana Punguzo, maana kwake yeye hakuna pesa ya kesho isiyopunguzwa. "Mia ya mwakani si mia," alikuwa akisema kila kipindi. "Ukikubali kuwa ni mia, umeshaibiwa na kalenda."

Ndiye aliyetuagiza kila mtu achukue kampuni moja ya kweli, aipime thamani, kisha aje atueleze kama inafaa iendelee au ifungwe. Wenzangu walichukua makampuni makubwa ya kwenye magazeti. Mimi nikachukua ya nyumbani. Nilidhani nitampelekea baba zawadi.

Jibu lilipotoka ubaoni lilikuwa hivi: faida zote ambazo kiwanda kingeleta miaka inayokuja, ukizivuta mpaka leo, hazifiki hata nusu ya bei ya kiwanja kilipojengwa.

"Kwa hiyo?" Bwana Punguzo akauliza.

"Kwa hiyo," nikasema, "kiwanda hiki kina thamani zaidi kikiwa maiti kuliko kikiwa hai."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa niwaambie kwamba katika kicheko kile mtu mmoja hakucheka. Tulimwita Mpole. Alikaa meza moja nami tangu muhula uanze. Siku nilipomsimulia habari za mume wangu hakukimbilia kusema pole kama wengine, aliniacha nimalize. Sitaficha: nilikuwa nimeanza kupiga pasi blauzi zangu siku za darasa.

Baada ya kipindi alininunulia chai kwenye kantini.

"Umeongea vizuri," akasema. "Kiwanja chenyewe kiko wapi?"

Nikamwambia. Pale inapopita barabara mpya, ukuta kwa ukuta na maghala.

"Na wenye hisa ni wengi?"

"Watatu tu. Baba ana arobaini katika mia. Baba mdogo ana arobaini. Ishirini zilikuwa za marehemu mama, zikaniangukia mimi."

"Kumbe wewe ndiye mwenye ufunguo," akasema, akatabasamu.

Nikafurahi. Mwanamke aliyeachwa akiambiwa ana ufunguo wa kitu, hata cha kabati, hufurahi. Nilijua Mpole anafanya kazi kwenye mambo ya majengo. Akilini mwangu niliona saruji na kokoto. Sikujua kuna watu wa majengo ambao saruji wanaiona kwa mbali tu, wao kazi yao ni kutafuta mahali pa kubomoa.

Bwana Punguzo alinipa alama za juu kuliko wote. Nikampelekea baba habari nikamkuta kwenye chumba cha kukatia, ovaroli yake ya bluu imetapakaa unga mweupe, anausukuma mkate mrefu wa sabuni kwenye waya, miche inaangukia upande wa pili imenyooka.

"Shikamoo, baba. Nimeongoza darasa."

"Marahaba." Akaacha kazi. "Umeongoza kwa jambo gani?"

"Kwa kukieleza kiwanda chetu."

Baba akageuka kwa yule tuliyemwita Mpishi, mtu anayepika sabuni, na wengine waliokuwa pale. "Mmesikia? Binti yenu ametuweka kwenye vitabu." Akaamuru kila mfanyakazi apewe mche mmoja aende nao nyumbani. Kisha akaniuliza polepole, "Ulisema nini juu yetu?"

"Nilisema kiwanda kina historia ndefu."

"Kweli kabisa," akasema, akarudi kwenye waya wake.

Ndugu msomaji, pale nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli ukiwa bado mdogo. Niliuacha ukue.

Haikupita muda, baba mdogo akaitisha kikao cha wenye hisa. Haikuwa kawaida yake. Alikuwa mgonjwa wa figo, wiki nzima anakwenda na kurudi kwenye mashine ya hospitali inayomsafisha damu, na siku za katikati alikuwa akilala tu. Baba aliposikia kuna mnunuzi wa kiwanja analetwa, hakukasirika. Aliniita ofisini.

"Mdogo wangu maumivu yanamsumbua, anaona kila mlango ni wa kutokea. Anakuja na mtu wa suti. Wewe ndiye utakayesema nao kwa lugha yao. Mimi nitakaa kimya nifurahie."

Nikasema, "Sawa, baba."

Ofisi yetu iko juu ya chumba cha kupikia. Sakafu yake ina joto mwaka mzima, na harufu ya mawese na magadi hupenya kila kiti. Baba mdogo aliingia ameshikwa mkono na mkewe, uso umevimba, akakaa kwa shida. Nyuma yake akaingia mtu wa suti.

Alikuwa Mpole.

Aliniangalia kama tunaonana mara ya kwanza. "Habari za asubuhi, mama," akasema. Akamsalimia baba kwa heshima zote, akataja kampuni anayoiwakilisha na bei wanayotoa. Bei ilikuwa kubwa. Mke wa baba mdogo akafumba macho aliposikia.

Baba akanikonyeza. "Haya, Profesa."

Nikasimama. Nikaanza kueleza kwamba sabuni ya mche ina wateja wake, kwamba mashine ya pili tumeitengeneza, kwamba mwaka mbaya hauui kiwanda. Sauti ilikuwa yangu, lakini maneno hayakuwa na miguu.

Mpole akaniacha nimalize, kama ilivyo tabia yake. Kisha akasema, "Mzee, mimi sitabishana na binti yako. Nitarudia tu maneno yake mwenyewe. Alisimama mbele ya darasa letu akathibitisha kwa hesabu kwamba kiwanda hiki kina thamani zaidi kikiwa maiti kuliko kikiwa hai. Mwalimu akampa alama za juu."

Chini yetu pipa lilikuwa linachemka. Tulilisikia wote.

Baba hakumtazama Mpole. Alinitazama mimi. "Ulisema hivyo?"

"Baba, ilikuwa kazi ya darasani, na—"

"Nimekuuliza ulisema au hukusema."

"Nilisema."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu ndani yake.

"Nimemwaga maisha yangu humu," akasema, lakini hakuwa anasema na mtu.

"Mzee, kwa heshima," Mpole akajibu, "kilichokwisha kumwagika hakiingii kwenye hesabu. Hayo ndiyo tunayofundishwa."

Ni kweli ndiyo tunayofundishwa. Swali hilo lilikuja kwenye jaribio, nikalipata lote.

Baba mdogo akakohoa. "Kaka, usidhani nafurahi. Miaka yote hii gawio silijui rangi yake. Kila faida uliirudisha humu, ukanunua pipa, ukanunua waya, ukaezeka paa."

"Niliirudisha ili tukue."

"Ya kwako ulikuwa na haki kuirudisha. Na yangu ukairudisha. Hukuniuliza hata siku moja." Akashika pumzi. "Leo mimi ni tajiri wa sabuni. Mashine ile haipokei sabuni, kaka. Daktari nimpe mche?"

Ningempa mtu yeyote nusu ya hisa zangu anitafutie jibu la kumpa.

Wakakubaliana kura ipigwe Ijumaa. Mpole akasema bei yake itasimama mpaka Jumamosi adhuhuri, baada ya hapo kampuni yake itakwenda kwenye kiwanja kingine. Akatoka, akanipita mlangoni.

"Umeniibia," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimekuibia nini? Ulisema mbele ya darasa zima." Hakuwa na hasira wala aibu. "Na bado naona hesabu yako ilikuwa nzuri."

Baba alishuka ngazi bila kunisubiri. Nilimfuata mpaka chumba cha kukaushia, akaendelea kwenda. Nilipomwita, alisema neno moja bila kugeuka: "Kumbe." Tangu hapo hakusema nami tena mpaka Ijumaa.

Nikabaki nyuma ya chumba kile, mahali tunapomwaga maji ya magadi makali yaliyokwisha kutumika. Nilikuwa sijasimama pale tangu utotoni. Ukuta umeliwa mpaka tofali linaonekana jekundu kama jeraha. Ardhi imepauka, hata magugu, ambayo huota penye lami, pale hayaoti. Atakayetaka kujenga hapa, nikawaza, ataanza kwa kuchimba udongo wote na kuubeba kwenda kuutupa asikojua.

Ndipo nikasimama wima.

Kwenye hesabu yangu kufunga kiwanda kulikuwa kama kuzima taa. Mapato sifuri, mishahara sifuri, kiwanja chukua pesa yako. Sikuweka gharama ya udongo. Sikuweka kiinua mgongo cha Mpishi na wenzake, ambao sheria inawapa na baadhi yao wamezeekea humu. Kufa nako kuna gharama, na mimi nilimhesabia maiti bila sanda wala kaburi.

Nilimkimbilia Bwana Punguzo. Ofisi yake ilikuwa ndogo, vitabu mpaka dirishani, na yeye alikuwa anakula karanga kutoka kwenye mfuko wa shati. Nilimweleza nikiwa bado mlangoni. Akanisogezea karatasi tupu, tukapiga hesabu upya pamoja.

Ilichukua muda. Alipomaliza alivua miwani.

"Hili nilipaswa kuliona mimi," akasema. "Nilikuwa nimependa ile sentensi yako ya maiti. Sentensi nzuri ina tabia ya kumfumba mtu macho."

"Kwa hiyo tusiuze?"

"Sikusema hivyo. Ile tofauti kubwa imekwisha, imebaki ndogo. Ukibadilisha kiwango cha kupunguzia pesa za kesho kidogo huku, kiwanda kinashinda. Ukibadilisha kidogo kule, kiwanja kinashinda."

"Mwalimu, mimi nina kura Ijumaa. Nina baba upande mmoja. Upande wa pili nina baba mdogo ambaye figo zake haziwezi kungoja miaka ijayo, hata uipunguze vipi. Nifanye nini?"

Akaangalia karanga zake.

"Katika vitabu vyetu," akasema, "mwenye hisa hana figo, wala hana baba. Yeye anataka thamani tu. Ndiyo maana masomo yanaisha kwa wakati." Akanirudishia karatasi. "Samahani, binti. Zaidi ya hapo mimi sijui."

Nikaenda hospitali. Baba mdogo alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, mirija miwili imetoka mkononi, damu yake inatoka na kurudi. Mkewe alikuwa anamsugua miguu.

"Baba mdogo, nilikosea hesabu."

Akafungua jicho moja. "Ulikosea wapi?"

Nikamweleza udongo, nikamweleza kiinua mgongo, nikamweleza na gharama za wakili. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Mwanangu," akasema, "baba yako alipokuwa anakuchekea, kiwanda kilikuwa kimekufa. Sasa amenuna, maiti imeanza kukohoa."

"Si kwa sababu hiyo."

"Labda. Lakini ungekuwa wewe ndiye umelala hapa, ungeiamini hesabu ipi? Ile iliyofanywa na mtu asiyeogopa kitu, au hii ya mtu anayelia?"

Sikujua kuwa ninalia mpaka aliposema.

Mkewe akanisindikiza hadi ukumbini. Ni mwanamke wa maneno machache. "Tumeuza gari," akaniambia. "Tumeuza shamba la kwetu. Kilichobaki ni nyumba na hizo hisa. Sikulazimishi, mama. Nakuambia tu ujue." Akarudi ndani kumsugua mumewe miguu.

Nikaona njia ya kati. Tuuze nusu ya nyuma ya kiwanja, ile yenye maghala ya zamani, baba mdogo alipwe hisa zake zote, baba abaki na mapipa yake. Njia hiyo ilinipa pumzi kwa muda wa kumpigia simu Mpole.

"Yote au hakuna," akasema.

"Nusu inatosha kujenga chochote mnachotaka."

"Nusu haina mlango barabarani." "Nakuheshimu, unajua hivyo. Ingekuwa hiari yangu ningekubali. Lakini mimi ni wa kutumwa."

"Chai ile ya kantini pia ulitumwa?"

Simu ikakatwa, sijui na nani kati yetu.

Nyumbani baba alikuwa akila chumbani kwake. Niligonga, nikasema, "Baba, nina hesabu mpya." Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Nikangoja. Kijiko kikachukuliwa tena. Nikaingiza karatasi chini ya mlango. Asubuhi niliikuta palepale, nusu ndani nusu nje, haijaguswa.

Ijumaa ikafika. Baba mdogo alibebwa kupandishwa ngazi, na Mpishi ndiye aliyembeba. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kusikia; penye watu hakuna siri. Chini palikuwa kimya, mapipa hayakuchemka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sakafu ya ofisi ile ilikuwa baridi.

Safari hii kulikuwa na wakili wa kiwanda chetu, mzee mmoja mwenye kikohozi, na Mpole akiwa kwenye kiti cha mlangoni.

"Mimi nauza," baba mdogo akasema. "Arobaini zangu."

Wakili akaandika. Wote wakamgeukia baba. Nami nilikuwa nimejiandaa: baba angesema hapana, arobaini kwa arobaini, kisha macho yote yangenihamia. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini. Ngojeni, nitafika.

Baba akasema, "Mimi sina hisa."

Wakili akakohoa, akafungua jalada lake. "Ni kweli. Jana mchana mzee alikuja kwangu akahamisha hisa zake zote. Amempa binti yake. Kila kitu kimesainiwa."

"Baba, umefanya nini?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Macho hayakuwa na ukali. Laiti yangekuwa na ukali.

"Wewe ndiye uliyesema kimekufa," akasema. "Basi kizike wewe. Mimi siwezi kuweka mkono kwenye jeneza la kitu ninachokisikia kinapumua. Na kama hakijakufa, kiokoe wewe, halafu wewe ndiye umwangalie baba yako mdogo usoni. Nilikulipia ada ili ujue kuamua. Amua."

"Nilikosea hesabu, baba. Nilikuandikia."

"Sihitaji kusoma. Hesabu yako ya kwanza sikuielewa, na ya pili sitaielewa. Mimi naelewa sabuni." Akainuka. "Kesho asubuhi kabla ya zamu kuanza watu watakuwa getini. Wamenipikia na kunikatia maisha yao yote, hawatasikia habari hii kwa tangazo la ukutani. Watasikia kwa mdomo wa mwenye kiwanda. Mdomo huo ni wako."

Akapita mbele ya Mpole kana kwamba pale mlangoni pana kiti kitupu.

Baba mdogo alibaki ananiangalia. Alinyoosha mkono wake wenye plasta, akanishika vidole. Hakusema "niokoe," wala hakusema "uza." Alisema, "Pole, mwanangu," na hilo lilikuwa baya zaidi.

Hisa sitini katika mia. Darasani tunaita hiyo mamlaka kamili. Nilikwenda nazo nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Sasa niwaambie nilichoamua, maana nimeahidi. Niliamua kuuza, kama nilivyokuwa nimepanga kabla ya kikao. Niligeuza karatasi ile ya hesabu pande zote, na kila ilipokataa kunipa jibu niliona mirija miwili mkononi mwa baba mdogo. Kiwanda kinaweza kufa mara moja na watu wakalipwa kiinua mgongo. Mtu akifa halipwi kitu. Nikatunga maneno nitakayosema getini. Yalikuwa machache, ya adabu, yanaanza na neno "Tunafunga." Niliyasema mbele ya kioo mpaka yakaacha kunitetemesha midomo.

Asubuhi nilivaa nguo ile ile niliyovaa kwenye maziko ya mama. Sikuwa nimeipanga, ndiyo iliyokuwa safi.

Walikuwa wamefika wote. Wanaume wa mapipa, akina mama wa kufunga sabuni kwenye karatasi, dereva wa lori, mlinzi ambaye alipaswa kuwa amekwenda kulala. Hawakupiga kelele. Wengine walikuwa na vyombo vyao vya chakula cha mchana, na hilo lilinichoma, kwamba mtu alikuwa amepika akitumaini mchana atakuwa hapa. Mpole alikuwa ng'ambo ya barabara, ameegemea gari, mkono mmoja mfukoni. Teksi ilikuwa imesimama kando ya ukuta, mlango wa nyuma wazi, na ndani yake baba mdogo amelazwa, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, amekuja kusikia.

Nikapanda juu ya kreti. Nikawatazama mstari wa mbele ili nianze.

Baba alikuwa kwenye mstari ule.

Amesimama kati ya Mpishi na mama mmoja wa kufunga karatasi, amevaa ovaroli yake ya bluu, imefuliwa, ina mikunjo ya pasi. Mikono nyuma. Kadi ya kazi, kama waliyonayo wengine wote na ambayo yeye hakuwahi kuhitaji, ilikuwa imebanwa kifuani. Hakuwa amesimama pale kunitisha wala kunionea huruma. Alikuwa mfanyakazi aliyekuja kuuliza kama leo kuna kazi.

"Tunakusikiliza, bosi," akasema.

Kutoka kwenye teksi nikasikia baba mdogo akikohoa, kikohozi kirefu kisichomalizika, na mkewe akimwambia taratibu, "Vuta hewa, vuta."

Nikafungua mdomo. Na neno la kwanza lililotoka halikuwa lile nililolala nalo.